Safari za Kazi: Tunafuata Nini Bara?

Mwulize mtu wa Mombasa aliyerudi jana kutoka Nakuru kwa shughuli zake, "Habari za huko?" Jawabu utakalopata aghalabu ni moja kati ya mawili: "Baridi," ama "Hakuna kitu." Mtu amekwenda zaidi ya kilomita 600, amepanda kutoka ufukweni hadi mji ulio juu kiasi cha mita 1,850, amelala siku tatu, amekula mara tisa, amesema na watu wasiopungua ishirini, na yote aliyorudi nayo ni neno moja la hali ya hewa na risiti za kumpelekea karani wa fedha. Mimi nasema mtu huyo amepata hasara, hata kama mzigo wake umeuzwa wote.

Najua wako watakaonicheka. Watasema safari ya kazi ni kazi, na anayetaka kutembea na asubiri likizo yake. Tena watanitolea ile hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, waliyoipokea Bukhari na Muslim, inayotufunza kwamba safari ina sehemu yake ya adhabu, na kwamba mtu akishamaliza haja yake afanye hima arejee kwa watu wake. Hadithi hiyo twaijua, na nani mimi niipinge? Simwambii mtu aongeze hata siku moja. Mazungumzo yangu ni juu ya saa zilizomo tayari ndani ya safari: jioni mbili tatu, muda wa kula, muda wa kungoja mtu aliyesema atakuja saa nne akaja saa saba. Saa hizo tumeshazilipia. Je, tunazifanyia nini?

Waliosoma chuoni hawana haja ya kukumbushwa Sura ya Kureishi, maana ni katika zile fupi tulizohifadhi tungali na meno ya utoto. Humo zimetajwa safari mbili, ya wakati wa baridi na ya wakati wa joto, na wafasiri wametueleza kwamba ya baridi ilikuwa ya Yaman na ya joto ilikuwa ya Sham. Hazikuwa safari za hija wala za vita. Zilikuwa za biashara, za ngamia na mizigo, na Mwenyezi Mungu amezihesabu katika neema alizowaneemesha watu wale. Jambo lililohesabiwa kuwa neema halifai kukunjiwa uso. Na zile beti zinazonasibishwa na Imamu Shafi juu ya faida tano za safari, ambazo masharifu na walimu wetu walikuwa hawachoki kututajia, zinayaweka mapato kuwa ni faida moja. Moja katika tano! Zilizobaki ni kuondokewa na majonzi, elimu, adabu na usuhuba wa watu wema. Msafiri anayerudi na fedha peke yake amechukua fungu moja na kuyaacha manne njiani.

Wazee wetu wa pwani mambo haya hawakuhitaji kuhubiriwa, kwa sababu upepo uliwalazimisha. Jahazi iliyokuja Mombasa kwa kaskazi kutoka Arabuni au Bara Hindi haikuweza kurudi kwao mpaka kusi ivume. Nakhodha akishauza tende zake na mazulia yake alikuwa hana budi kukaa, wiki kwa wiki, na pengine mwezi kwa mwezi. Akakaa kwa mwenyeji, akala chakula cha mwenyeji, akaswali msikiti wa mtaa, akasikia maneno ya barazani, na wengine wakaoa. Ni maneno mangapi ya lugha yetu, na ni vyungu vingapi vinavyotokota majikoni mwetu, vilivyoingia kwa mlango huo wa kungoja upepo! Siku hizi basi la usiku halingoji kusi wala kaskazi. Linakushusha alfajiri na kesho yake linakupandisha. Ule muda ambao upepo ulikuwa ukitupa bure, sasa hatupewi na mtu. Ni lazima tuutoe sisi wenyewe katika saa tulizonazo.

Wala si wa baharini peke yao. Mwaka 1870 jarida la Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London lilichapisha makala ya Thomas Wakefield, mmishenari wa Ribe, juu ya njia za misafara kutoka pwani kwenda bara. Habari zile Wakefield hakuzitembelea kwa miguu yake. Sehemu kubwa alipewa na mtu wetu mmoja, Sadi bin Ahedi, mzaliwa wa upande wa Gazi katika nchi ya Wadigo, aliyekwenda bara kwa biashara ya misafara. Sadi alizitaja njia kituo kwa kituo, hata ndani ya nchi ya Wamasai: hapa pana maji, hapa hapana, kutoka hapa hadi pale ni mwendo wa kadha. Wazungu wakachora ramani kutokana na kinywa chake. Pembe alizouza Sadi ziko wapi leo? Zimekwisha kuwa mipira ya mchezo wa biliadi na vipini vya visu. Kilichobaki ni yale aliyoyaona na kuyauliza wakati wengine wamelala chini ya mizigo yao. Na miaka 13 baadaye, mwaka 1883, Joseph Thomson alipoikata nchi ya Wamasai kwenda Baringo, alihitaji kuandamana na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani, kwa kuwa Jumbe aliijua njia na watu wake.

Sitaki nifahamike kwamba nazisifu safari zile zote. Kulikuwa na misafara iliyobeba pembe na kulikuwa na misafara iliyofunga watu minyororo, na hilo la pili halina pambo la kulipamba. Nataja macho na masikio ya wale watu tu, kwamba yalikuwa wazi.

Na kama udhuru wetu ni baridi, basi tumwogope Selim bin Abakari. Mswahili yule alikwenda Urusi hata Siberia mwaka 1896, akiwa katika kazi ya watu, amefuatana na Mjerumani. Siberia, bwana! Aliporudi aliandika kwa lugha yetu safari nzima, na Carl Velten akaichapa mwaka 1901 katika kitabu cha Safari za Wasuaheli. Mtu amevuka theluji ya Urusi akaja na kitabu. Sisi tunavaa sweta mbili kwenda Nakuru tunarudi na neno moja.

Sasa tuje Nakuru yenyewe, na nautaja mtaa wa Free Area makusudi. Wasomaji wengi wa pwani wanaokwenda kule kwa mizigo wanaujua: uko kandokando ya barabara kuu, upande wa kuingilia mjini ukitoka Nairobi baada ya Lanet. Jina lake ukilitafsiri utadhani vitu ni bure, lakini kitanda cha Free Area kinalipiwa kama kitanda kingine chochote. Ni mtaa wa watu wa kawaida, wa vyumba vya kupanga, maduka, vibanda vya chakula, bodaboda zinazongoja abiria, na malori yanayounguruma usiku kucha yakielekea Eldoret na Uganda. Mwenye kuuza leso na madera aliyoyanunua Biashara Street, au mwenye kutafuta viazi na vitunguu vya kushusha Kongowea, atafikia mitaa kama huu kwa sababu bei inamfaa. Wakubwa wa semina hulala mahoteli ya mjini, nitawafikia.

Mtu wetu akifika Free Area hufanya nini? Huweka mkoba, hufunga mlango, hulala chali na simu. Jioni hutoka kununua chipsi na mayai, hurudi chumbani, hufunga mlango tena. Kesho hivyo, keshokutwa hivyo. Nimewaona, tena wengine ni watu wa maneno mengi sana wakiwa Mwembe Tayari! Ukimdadisi utaona si uvivu unaomfungia. Ni hofu tatu: hofu ya chakula, hofu ya kudanganywa, na ile hofu ya kuonekana mgeni, ambayo mtu mzima hapendi kuikiri.

Hofu ya chakula ina msingi wake, na siidharau. Mwislamu ana haki ya kujua nyama anayopewa imechinjwa na nani. Lakini haki hiyo huipati kwa kukimbilia mayai siku tatu, huipata kwa kuuliza. Machinjio mengi ya Kenya yana Mwislamu anayechinja, kwa kuwa wenye biashara ya nyama wanataka kumwuzia kila mtu. Na Bonde la Ufa lina Wasomali na Wanubi waliokaa huko tangu enzi za Waingereza, na mjini Nakuru hoteli za Waislamu zipo. Uliza. Swali la "nani amechinja?" likiulizwa kwa adabu ni ufunguo wa mazungumzo: utaelekezwa kwa fulani, fulani atakuuliza watoka wapi, na pengine utakuta babake alifanya kazi bandarini Kilindini. Tena si kila chakula ni nyama. Githeri ni mahindi na maharagwe, haina la kutiliwa shaka. Mursik ya Wakalenjin ni maziwa yaliyogandishwa katika kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti maalumu, na ndiyo sababu yanatoka na rangi ya kijivu. Anayeijua ladha ya maziwa lala ya Lamu hatashangaa sana akiyaonja. Mtu asiyejua watu wanakula nini hawezi kujua watanunua nini.

Pili ni sala. Msafiri wa kutoka Mombasa amevuka marhala mbili mara nyingi, ana rukhsa ya kupunguza na kukusanya, na kwa madhehebu yetu rukhsa hiyo anabaki nayo maadamu hakunuia kukaa siku nne kamili mbali na siku ya kuingia na ya kutoka. Vizuri. Lakini wengi wetu rukhsa tumeifanya pazia: mtu anaswali rakaa zake mbili mbili chumbani, na siku tatu hakutia mguu msikitini. Hakuna aliyemkataza kwenda jamaa akamfuata imamu mkaazi na kutimiza nne. Nakuru ina msikiti wake wa Jamia mjini, na kutoka Free Area ni mwendo mdogo wa matatu. Baada ya sala ya magharibi msikiti wowote una wazee wawili watatu wanaobaki wakisubiri isha. Kaa nao. Hawa ndio watakaokwambia dalali yupi ni mkweli na yupi ni wa kukwepwa, na hofu ya kudanganywa itapungua kuliko ungelala na fedha chini ya mto. Jambo dogo la kuongezea: sisi wa Mombasa tumezoea kibla kuwa kaskazini karibu sawasawa, Nakuru iko magharibi zaidi, hivyo kibla chake kinapinda kidogo kuelekea mashariki. Wako wanaokwenda huko mwaka wa kumi sasa na hawajauliza.

Juu ya lugha nina ukali, na wasomaji wangu mtanisamehe. Mpwani akifika bara huona ameteuliwa kuwa mkaguzi wa Kiswahili. Mama wa kibanda akimwambia "kuja hapa" yeye hucheka, na akisikia "hiyo kitu" hutikisa kichwa, kisha akirudi nyumbani huwa na vichekesho vya wiki nzima. Mama huyo anaijua lugha ya kwao, anaijua ya jirani yake, na anakuuzia chai kwa ya kwako. Wewe unazijua ngapi? Jifunze kusema "chamgei" kwa Mkalenjin na "wĩ mwega" kwa Mkikuyu, uone nyuso zinavyofunguka. Kiazi chetu wao huita waru, na neno hilo peke yake ukilitamka vizuri sokoni, mwenye magunia anajua kwamba hukushuka jana. Sisi watunga mashairi tulio na ubakhili wa maneno tunapaswa kuwa wa kwanza kusikiliza, kwani lugha yetu ilikua kwa kuokota, haikukua kwa kukagua.

Halafu kuna kilima. Hapo karibu na Free Area, mwendo wa bodaboda wa dakika chache kando ya barabara ya Nairobi, pana Hyrax Hill, yaani kilima cha pimbi. Mary Leakey alipachimba mwaka 1937 na 1938, serikali ikapahifadhi mwaka 1943, na tangu 1965 pana makumbusho madogo katika nyumba iliyokuwa ya mlowezi. Kiingilio chake hakimfilisi mtu. Watu waliishi hapo zamani za mawe na baadaye zamani za chuma, na mashimo ya mazizi yao yanaonekana mpaka leo. Wataalamu wanasema kale ziwa la Nakuru lilikuwa kubwa hata maji yakafika miguuni pa kilima hiki.

Lakini la kumpeleka mtu wa pwani hapo mimi si hayo. Ni kwamba juu ya mwamba pamechongwa bao. Naam, bao la kuchezea, mashimo kwa mashimo katika jiwe. Si lazima liwe bao letu la mashimo 32 na kete 64, lenye namu na mtaji, na wala halina mtu wa kukupigia kelele kwamba umekula vibaya. Hata hivyo simama mbele yake ufikiri: kuna watu waliokaa hapa, kilomita 600 kutoka baraza za kwetu, wakimaliza kazi ya ng'ombe wanakaa chini, mmoja huku na mmoja kule, wanahesabu mawe. Na katika uchimbaji wa kilima hicho zilionekana sarafu za Kihindi. Sarafu ya Kihindi haikuota Nakuru kama uyoga. Iliingia nchini kwa upande wa bahari, ikapita mikono kwa mikono. Mzigo wako wa leso za kutoka Bara Hindi nao umepita njia hiyohiyo kwa lori. Mimi sijui mfanyabiashara gani wa pwani atakayesimama pale akaendelea kusema "hakuna kitu".

Ukiwa juu ya kilima unaliona ziwa. Hifadhi yake ilifanywa ya taifa mwaka 1968, na sifa zake zilitokana na heroe, wale ndege wenye wekundu ambao wengi huwaita flamingo. Tangu kiasi cha mwaka 2010 maji yamepanda, yakameza sehemu ya msitu wa kandoni na hata nyumba za watu, na heroe wengi wamehamia Bogoria na kwingineko, kwa kuwa ziwa likizidi maji chumvi ya magadi hupungua na chakula chao hupungua nayo. Kuingia hifadhini kuna gharama yake. Mwenye haraka na mfuko mwepesi, kilima chamtosha.

Mwenye kutafuta viazi asiishie Free Area, afike Molo, Mau Narok au upande wa Njoro alikolima mkulima. Hili nalisema kwa faida ya roho na ya mfuko pamoja. Viazi karai vyetu, bajia zetu, viazi vya rojo tunavyovila jioni, vingi vinatoka nyanda hizi za baridi, na bado muuzaji wa Mombasa anaweza kuzeeka hajaliona ua la kiazi. Akifika shambani ataona jinsi gunia linavyoshonewa kilemba juu, lile la lumbesa, na mkulima akalipwa bei ya gunia moja kwa mzigo wa gunia na nusu. Kanuni za mwaka 2019 zinataka viazi vifungwe kwa kipimo kisichozidi kilo 50, lakini kanuni ni jambo moja na njaa ya fedha ni jambo jingine. Sisi tuliosoma Sura ya Mutaffifina, inayowaonya wapunjao vipimo, hatuwezi kujitia hamnazo kwa kuwa aliyepunja ni dalali. Aliyekwenda akamwona mkulima uso kwa uso ataona haya. Asiyekwenda atasema bei ya soko ndiyo hiyo.

Katika haya yote akina mama wanatushinda. Wako wanawake wa pwani wanaopeleka madera na leso bara, na ukiwachunguza utaona hawasafiri kama sisi. Huenda wawili au watatu. Hawalali gesti kama wanaweza kupata mwenyeji, na mwenyeji wao ni mama mwenzao wa kule, anayejua majina ya watoto wao. Huenda na halua na achari, hurudi na maharagwe na mboga zilizokaushwa. Deni lao hulipwa, kwa sababu anayedaiwa ameshakula chakula cha mwenye kudai. Mwanamume akiulizwa kwa nini hafanyi hivyo husema hana wakati.

Na kuna wanaume waliofahamu "starehe za safari" kwa njia nyingine kabisa. Hao hawana neno la kujifunza kwangu ila moja: barabara hii ya kutoka Mombasa mpaka Kampala tangu miaka ya 1980 imebeba Ukimwi kama inavyobeba mafuta, na wajane wa mitaa yetu wanajua ulishukia nyumba zipi. Nimepita.

Nilisema nitawafikia watu wa semina. Tangu kaunti zianze kazi mwaka 2013, makarani, maafisa na wajumbe kutoka pwani wameitwa Nakuru na Naivasha kwenye warsha zisizo na idadi. Hulipiwa basi au ndege, hulala pazuri, huketi katika ukumbi uliofungwa mapazia mchana, wakitazama picha ukutani. Wangeweza kuoneshwa picha hizo Mombasa, Kilifi au Kwale kwa nafuu. Kama ni lazima waletwe Bonde la Ufa, basi mwenye kutengeneza ratiba awatolee alasiri moja wakaone soko, shamba au skimu fulani, wakutane na wenzao wanaofanya kazi ileile kwa watu wengine. Ratiba isiyo na nafasi hiyo inapoteza fedha za umma, hata kama hesabu zake zimekaguliwa zikaonekana safi.

Atasema mtu: siku hizi hata hiyo safari yenyewe ya nini? Tangu 2007 fedha zatumwa kwa M-Pesa, na picha ya mzigo yafika kabla hujamaliza chai. Ni kweli, na ndilo linalonipa nguvu. Zamani mtu alikwenda kwa sababu fedha haziwezi kwenda peke yake. Leo fedha zaenda, bei yaenda, hata sauti yaenda. Kilichobaki ambacho simu haichukui ni mtu kumwona mtu, kula naye, na kumjua nyumbani kwake. Sasa kama umetoka Mombasa hadi Free Area na hicho pia hukukifanya, ungetuma simu ukalala nyumbani kwa watoto wako.

Nami sizungumzii mapumziko tu. Agosti 1997 Likoni iliwaka moto, na watu wa bara waliokuwa wamekaa kwetu miaka mingi wakafukuzwa na majina ya makabila yao. Januari 2008 Nakuru nayo iliwaka, majirani wakageukiana mapanga. Katika siku kama hizo hotuba za viongozi hazikumwokoa mtu mlangoni. Waliosalimika mara nyingi walisalimishwa na jirani, na rafiki, na mtu aliyesema, "Huyu namjua mimi." Neno hilo "namjua" halitengenezwi siku ya moto. Hutengenezwa siku ya amani, kwa chai, kwa deni dogo lililolipwa, kwa kumtembelea mtu aliyefiwa. Msafiri wa biashara ana nafasi ya kulitengeneza kila mwezi, nafasi ambayo mwanasiasa hana na mwalimu hana. Yeye ndiye anayepita.

Kuna upande wa pili pia, na hapa lawama inarudi kwetu. Yule mwenye magunia wa Nakuru hushuka Mombasa kufuata fedha zake Kongowea. Nani humpokea? Hulala gesti ya joto asiyoweza kupumua, hula mkate, hungoja malipo yanayoahidiwa "kesho inshallah", na hakuna aliyemwambia kwamba Ngome ya Yesu iko hatua chache kutoka stendi yake ya matatu, wala aliyemkaribisha kwa sahani ya pilau Ijumaa. Akirudi kwao akaulizwa habari za Mombasa, hatakuwa na la kusema ila joto. Tunaojisifu kwa ukarimu tangu siku za Ibn Battuta, aliyefika Mombasa mwaka 1331, tunamwachia mgeni wetu abahatishe.

Kwa hiyo mwenye safari ya Nakuru wiki hii, tia katika mkoba kibati cha halua na sweta moja nzito, na kabla hujapanda basi mpigie simu yule mnayefanya naye biashara, umwulize afya ya watoto kwanza ndipo bei ya gunia. Mwambie utafika kwake siku ya pili baada ya alasiri. Na akikuuliza atakupata wapi yeye akija pwani, mpe namba ya nyumbani kwako, usimpe ya dukani.